Povu la Ushishi

Juzi nililoweka ushishi jikoni kwangu, hapa Bariadi mjini, na harufu yake ikanikalisha chini. Ushishi ndio ule wenzetu wengine wanauita ukwaju, lakini mimi nikisema ukwaju naona kama nazungumzia kitu cha dukani kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ushishi ni ule unaokuja na gunia kutoka Kimali, umeshikana mabonge meusi, una mbegu na nyuzi na vumbi la kwao, na ukiutia maji ya moto unatoa uchachu unaokaza taya kabla hata hujaonja. Nilikaa kwenye kigoda mwiko mkononi, nikamkumbuka baba yangu, nikalia kidogo. Kisha nikainuka nikaanza kumenya mananasi, maana kesho yake watu walikuwa wananisubiri nyumbani Zagayu.

Wa rika langu mliokulia kwenye pamba mtanielewa haraka. Wengine vumilieni, nitaeleza.

Pamba ikishaota na mvua zikakolea, majani yanakuja juu kwa hasira, na nyumba moja haiwezi kuyamaliza. Kwa hiyo unaita watu. Majirani wanafika asubuhi na majembe yao, wanajipanga mstari mmoja, wanapalilia huku wakitaniana, na jua likisimama utosini wanakaa kivulini na mwenye shamba anawatolea pombe ya mtama aliyoipika mke wake. Hakuna malipo mengine. Keshokutwa mtaitwa kwa mwingine, na ninyi mtakwenda. Mtu asiyeitwa na asiyeita, pale kwetu, alikuwa kama amekwisha kuhama, ila tu nyumba yake bado imesimama.

Na pombe hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Haigusi mdomo wa mtu mpaka mwenye shamba aonje. Anachota kata ya kwanza, yaani kile kibuyu kilichokatwa nusu, anakunywa mbele ya watu wote wakimtazama koo linavyopanda na kushuka, ndipo anachota ya pili na kumpa mkubwa wa wapaliliaji. Hakuna aliyetuelezea sababu, lakini watoto wote tuliijua. Anaonja ili watu waone kuwa hajaweka kitu.

Baba yangu alikuwa anaonja vizuri sana. Tatizo ni kwamba akishaonja hakuwa anaacha. Alionja kwetu, akaenda kuonja kwa jirani, akaonja ambako hata hakualikwa. Siku moja aliondoka asubuhi na dume letu la kulimia kwenda kumtibu, akarudi jioni na kamba peke yake, akiimba. Mama aliichukua ile kamba akaitundika ukutani mahali ambapo kila anayeingia lazima aione, na ikakaa pale miaka.

Halafu baba akaugua. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, akachukuliwa hospitali akakaa huko mpaka nikaanza kuisahau sauti yake. Aliporudi alikuwa amekonda, mpole, na hanywi. Watu waliambiwa ameacha tu. Lakini mimi nilimsikia mama akimweleza shangazi Minza, dada yake baba aliyeolewa Kimali, wakati wanabangua karanga na mimi nimejilaza mkekani wakidhani nimesinzia. Daktari alikuwa amemwambia baba kwamba ini limeharibika, na kwamba akirudia pombe atakufa.

Sasa, mimi nilikuwa na umri wa kupoteza meno ya mbele. Nilikuwa najua kitu kimoja tu kinachoua kwa kunywa, nacho ni dawa ya pamba. Ilikaa kwenye chupa juu kabisa, chini ya bati, ina picha ya fuvu, na mama alikuwa ametuapia kwamba ukiigusisha ulimi tu, hapohapo unaanguka. Basi nikaziweka pamoja kichwani. Pombe kwa watu wengine ni pombe, kwa baba yangu ni dawa ya pamba. Tone moja likimgusa, anaanguka palepale. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kuwa jua huchomoza, na nililibeba jambo hilo peke yangu, maana sikutakiwa kuwa nimelisikia.

Msimu uliofuata mama alipika pombe kama kawaida, watu wakaja. Mkubwa wao alikuwa Masanja, jirani yetu, mzee mrefu ambaye sisi watoto wote tulimwita guku, babu. Ulipofika wakati wa kuonja, baba alichota kata, akaitazama, kisha akampa guku Masanja bila kuigusisha mdomoni. Nilishusha pumzi nikafurahi. Nilifikiri kila mtu amefurahi kama mimi.

Guku Masanja aliishika ile kata kwa muda. Akainamisha mkono taratibu, akaimwaga yote chini, akasema leo hana kiu. Akachukua jembe lake. Mmoja mmoja wakainuka, wakaaga vizuri kabisa, wakaenda. Hakuna aliyegomba, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Maneno yalianza wiki ileile. Kwa nini mtu aogope pombe ya nyumbani kwake mwenyewe? Ameweka nini humo? Msimu mwingine tuliita watu, hakuna aliyekuja. Majani yakaila pamba yetu tukiyaona, tukapalilia sisi wenyewe, baba akishika kiuno kila baada ya mstari, mama na mtoto mgongoni, na mimi na jembe lililokatwa mpini. Tulivuna kidogo cha kusikitisha. Wala sisi hatukuitwa kwa mtu. Kule lamboni tulikochota maji, wasichana niliocheza nao waliniambia, bila ubaya wowote, kwamba mama zao wamewakataza kunywa maji kwetu.

Baba angeweza kusema ukweli na mambo yakaisha. Leo naona hivyo, ni rahisi kwangu, nimekaa kwenye kigoda mjini. Lakini mwanaume wa pale kusimama mbele ya wenzake akasema mwili umemshinda, hospitali imemkataza, aliona heri akose pamba. Na aliikosa kweli.

Mama ndiye aliyechoka. Alikuwa na rafiki yake hapa Bariadi, mwenye duka la chumvi na sabuni karibu na soko, mwanamke wa Kiislamu kutoka Ujiji aliyeitwa Mama Rukia. Kwao Mama Rukia harusi nzima inapita bila tone la pombe na watu wanacheza mpaka viatu vinakatika. Mama alimweleza shida yake yote siku ya soko, na Mama Rukia akamfundisha kinywaji. Loweka ukwaju, chuja. Chemsha maganda ya nanasi na tangawizi, usiyatupe, utamu wote uko humo. Saga nanasi lenyewe, kamua ndimu, tia sukari bila uchoyo. Na mwisho kabisa, watu wakishakaa, siyo kabla, mimina soda nyeupe taratibu ukingoni mwa chombo, wala usikoroge.

Mama akaenda mwenyewe kwa guku Masanja. Alipiga magoti mlangoni, akamwamkia, "Mwadila, baba," akakaa chini na kumwomba aje na watu wake mara moja tu. Sikuwepo, lakini mama alikuwa akisimulia mpaka uzeeni. Mzee akamwita mayu, yaani mama, akasema, "Nitakuja, mayu. Lakini nitamwangalia mume wako mkono wake. Asipoonja, nikiondoka pale sirudi, na hakuna atakayerudi."

Siku yenyewe tuliamka na giza bado lipo. Shangazi Minza alikuwa ameleta ushishi wake wa Kimali, na mimi nikapewa kazi ya kuukamua kwa vidole, kutoa mbegu. Nilitwanga tangawizi hadi macho yakawasha. Nilikamua ndimu kwenye mkono wenye mchubuko nikaruka juu, shangazi akanicheka. Maembe ya mwishomwisho yalikuwa bado yapo, mama akayapondaponda na kuyaongeza, ingawa Mama Rukia hakusema. Alikuwa hivyo, hawezi kufuata maelekezo ya mtu mpaka mwisho. Nilionja na nikaonja tena. Kilikuwa kitamu na kichachu na kina moto kidogo nyuma ya ulimi, na rangi yake kahawia, nzito. Nilijivuna. Nilijua kilichomo mle kuliko mtu yeyote katika Zagayu nzima.

Chombo kikubwa kilikuwa kimoja tu ndani ya nyumba, mtungi wa pombe. Mama aliusugua kwa majivu na maji ya moto, akamimina kinywaji humo, akauzika nusu kwenye mchanga mbichi pembeni ya nyumba upate ubaridi. Kitu ambacho sikukijua ni zile chupa za soda. Alikuwa amezificha uvunguni kwake, zimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa maji, kwa sababu alijua watoto wake. Soda mimi niliijua ya Krismasi tu, moja kwa watoto wote, unakunywa kwa mrija huku mwenzako anahesabu kwa sauti zamu yake ifike.

Walikuja wengi. Nadhani wengine walikuja kutazama tu. Walipalilia kwa kasi lakini bila utani, na nilisikia majembe peke yake. Jua lilipokaribia kusimama nikatumwa kuwapelekea maji ya kunawa, na niliporudi nikamkuta mama ameinama juu ya mtungi. Povu lilikuwa limejaa mpaka shingoni, linapanda na kumwagika pembeni, na ndani kunachemka bila moto, kunasema shhh.

Jamani. Kitu kinachotoa povu nyumbani kwetu kilikuwa sabuni na pombe, basi. Nilikuwa nimeona mtama ukiumuka mara nyingi kwenye mtungi uleule, na sauti ilikuwa ileile. Niliona wazi kilichotokea. Kinywaji changu, nilichokionja asubuhi kikiwa salama, kilikuwa kimegeuka pombe kikiwa mchangani, na mama hajui. Nilimshika kanga nikamwambia, "Mama, kimeumuka." Akanijibu kwa haraka kwamba ndivyo kinavyotakiwa kuwa, nimpishe. Na akainua mtungi, yeye na shangazi, wakaupeleka kwa watu.

Wote walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa zizi. Baba alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Mama akapiga magoti, akampa kata kwa mikono miwili. Baba akachota, akaishika kata bila kuipeleka mdomoni, povu likidondoka miguuni. Nilijua anasita kwa sababu anajua. Amekubali kufa ili watu warudi kutupalilia pamba. Sikuwa na muda wa kufikiri zaidi. Nilipita katikati ya watu nikamrukia mguu nikaukumbatia.

"Baba, usinywe," nikasema. "Utakufa."

Mama alibaki magotini, viganja mdomoni. Mwanamke mmoja akavuta jembe lake karibu. Mtoto wa nyumbani, tena wa kike, mkweli, amesema mbele ya wote kuwa kinywaji cha baba yake kinaua. Maneno yote ya misimu miwili nilikuwa nimeyapigia muhuri mimi.

Guku Masanja alisimama. Hakupandisha sauti.

"Mtoto hana sababu ya kusema uongo," alisema. "Tuambie wewe. Mna nini humo?"

Baba alinitazama mimi, akauliza taratibu, "Kabula, nani amekwambia nitakufa?"

"Daktari," nikasema. "Alisema ukinywa pombe utakufa. Nilimsikia mama anamwambia shangazi."

Hapo baba akakaa chini, ardhini, na kata yake mkononi haijamwagika. Mwenye shamba hakai chini wakati wa kuonja. Uso wake nauona hata sasa. Ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali, halafu kamba ikakatika yenyewe.

"Amesema kweli," alisema. "Ini langu limeharibika kwa pombe, mzee Masanja. Tone moja siruhusiwi. Ndiyo maana siku ile nilikupa kata bila kuonja. Niliona aibu kukwambia, nikaacha watu waseme wanayosema." Akainua kata. "Hii siyo pombe. Ni ushishi na mananasi na soda. Mama Kabula amekitengeneza ili niweze kuonja mbele yenu."

Akanywa. Alikunywa yote, taratibu, mpaka chini, nikiwa nimemshika mguu nahesabu mafunda yake. Povu likabaki kwenye masharubu. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanamsubiri, na mimi pia nilikuwa namsubiri, maana maneno yake yalinipita juu. Mimi niliona povu, niliona amekunywa, basi. Sasa itakuwa kama ile ya chupa ya fuvu.

Nikafikiri nyumbani bila yeye kutakuwaje. Nikakumbuka alivyokuwa hospitali na ile kamba ukutani na sauti niliyoanza kuisahau. Nikaona siwezi tena.

"Na mimi nipe," nikamwambia.

Alinichotea mwenyewe, akanishikia kata. Nilifumba macho nikanywa. Kilinichoma ulimi, kikapanda puani, kikanitoa machozi, na nikajua ndiyo kufa kwenyewe huko, kumbe kuna viputo vidogovidogo vinavyorukaruka. Niliendelea kunywa. Sikutaka anitangulie mbali. Nilipomaliza tumbo likajaa upepo, upepo ukapanda, na mbele ya wapaliliaji wote wa Zagayu nikapiga mbweu kubwa kama ya ndama.

Mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine. Guku Masanja alinyoosha mkono kwa kata, akachota, akanywa, akabaki ameangalia juu akisikiliza tumbo lake.

"Kitamu," akasema. "Hakilewi, lakini kitamu. Wabeja, mayu." Alipokwisha kumshukuru mama hivyo, akachota tena kabla ya kumpa anayefuata.

Wakanywa mpaka mtungi ukalazwa. Wengine waligeukageuka wakitafuta kulewa, hakukuja, wakalalamika kwa utani kwamba wameibiwa jasho lao. Lakini walirudi kesho yake kumalizia kipande kilichobaki bila kuitwa, na msimu uliofuata tuliitwa mpaka mama akawa anachagua pa kwenda. Kinywaji kile wakakiita pombe ya Kabula, na mpaka leo kuna wazee hata kule Nkoma, jirani na kwetu, wanaoniita hivyo nikipita.

Mimi jioni ile nilikaa mlangoni nikisubiri kufa. Sikumwambia mtu. Baba alikuja akakaa karibu yangu, akaniuliza mbona sichezi, nikamwambia nasubiri. Alichukua muda kuelewa nasubiri nini. Alipoelewa hakucheka, na najua wengine wote wangecheka. Aliniweka mapajani, akaangalia ng'ombe wakiingia zizini, akasema, "Naona tumechelewa kufa, wewe na mimi. Tusubiri pamoja." Tukasubiri mpaka tukaitwa kula.

Alisubiri miaka mingi, baba yangu. Aliwaona watoto wangu, akawafundisha kupiga mbweu, nikagombana naye kwa hilo. Kila msimu alionja mbele ya watu, na hakurudia pombe hata siku moja, hata kwenye misiba, hata walipomtania. Amefariki mwaka huu kwa uzee wake, amelala, mama yuko pembeni.

Ndiyo maana juzi nililoweka ushishi. Kesho yake ilikuwa siku ya kumaliza msiba, na ndugu walishauri ipikwe pombe kwa ajili ya wageni. Mama akasema hapana. Nikafika Zagayu na madumu yangu na kreti za soda, na mtungi bado ulikuwepo, umetiwa kiraka cha lami shingoni. Watu walijaa mpaka zizini. Mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa mgongoni kwa mama, alikuwa amekaa mbele kabisa akijua kata itakuja kwake, kwa kuwa ndiye mwanaume wa nyumba sasa. Nilimimina soda ukingoni, sikukoroga. Povu likapanda.

Mama hawezi tena kupiga magoti. Alichukua kata akasogea na fimbo yake, akampita mdogo wangu, akanipa mimi.

"Onja wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyekunywa naye."

Nikachota. Kilinichoma ulimi, kikapanda puani palepale kilipopanda siku ile. Nilikunywa yote mpaka chini kama alivyokuwa akinywa yeye, watu wakinitazama koo. Siku ile nilikunywa ili asiniache. Safari hii nilijua hakitaniua, naye alikuwa amekwisha kwenda, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote wala sikuyafuta. Nikachota kata ya pili, nikampa mdogo wangu.